Madoa Meupe kwenye Bawa la Ndege ya Topido

Asubuhi moja ya Ramadhani haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa Doha, au tuseme nje kidogo ya Doha, kwenye shamba moja la Umm Salal. Watu wazima watatu, wote tumefunga, tumejibanza kwenye dirisha la karakana tunaliangalia bawa la ndege kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Kabla sijafika hapo, kaa vizuri nikueleze tulifikaje. Jana nimekusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako wa kazini, "Mwizi mimi namjua, nangoja siku yake tu." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na wageni. Leo huna wageni.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Mimi ni mwanamke wa kushuku, sikufichi. Nyama ya buchani naipima tena nyumbani. Mtu akinisifia sana natazama mkoba wangu uko wapi. Kwa hiyo usidhani nimekuita nikwambie uwaamini watu wote. Nasaha hiyo sina, katafute kwa shangazi yako.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla Doha haijachimbwachimbwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, nilikuwa nashona mabaibui kwenye duka moja la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Nilikuwa bado mwanamke kijana, naona tundu la sindano bila miwani. Kwenye jengo nililokaa aliishi Mzee Haji, Mzanzibari, dereva wa tajiri mmoja wa Kiqatari. Alikuwa mkubwa kuliko Waswahili wote wa jengo lile na tulimhesabu kama baba. Siku moja akanisimamisha kwenye ngazi.

"Mwanaidi, bawa la ndege waweza kulishona?"

"Mzee Haji, leo umekaa juani?"

Hakucheka. Tajiri wake alipenda vitu vya kale: magari, mizinga, saa za ukutani. Sasa alikuwa amenunua mabaki ya ndege ya vita, yameletwa na meli ndani ya makasha, na alitaka yaundwe upya yawekwe kwenye jumba la maonyesho ya nyumbani kwake. Hakutaka iruke. Alitaka ikae pale wageni waikodolee macho. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushona kwa mkono, mshono mwembamba, usiokatika. Nikaenda kuona, nikakubali, na nikawaambia mapema kwamba nitakuja na kurudi na Mzee Haji, si na mtu mwingine yeyote. Si nimekwambia nilivyo?

Ndege yenyewe ilikuwa ya jeshi la majini la Waingereza, ya vita vya Hitler. Jina lake Swordfish, yule samaki mwenye pua ya upanga, lakini jina lisikutishe. Ilikuwa na mabawa ya ghorofa, moja juu na moja chini, mifupa ya chuma, na ngozi yake yote ni kitambaa. Kitambaa, mwanangu, kama hili shuka! Ilikaa watu watatu, vichwa nje upepo unawapiga, na rubani akitaka kuongea na wa nyuma anaongea kwenye bomba la mpira, mwenzake anasikiliza upande wa pili. Kazi yake ilikuwa kubeba topido chini ya tumbo. Topido ni bomu refu lenye mashine yake, likidondoshwa baharini linaogelea lenyewe mpaka ubavuni mwa meli. Ili lisipotee njia, rubani alilazimika kushuka karibu aguse maji, aende polepole, aende moja kwa moja, huku meli nzima inammiminia risasi. Nilipoelezwa hayo nikauliza, "Na wao walikubali?" Wakanicheka.

Babu yangu pale Tanga alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita ndege za manowari zilikuwa zikitua kiwanja cha Tanga, na kwamba aliziona zikikunjwa mabawa ubavuni kama kuku anayetaka kulala. Sijui kama zilikuwa hizi au ndugu zake. Babu naye alipenda kutia chumvi.

Mkuu wa kazi alikuwa Mzee Alan, fundi mitambo mstaafu wa Kiingereza, magoti mabovu, kikombe cha chai hakimtoki mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka na sisi hatukukipata. Aliyetutafsiria alikuwa mlinzi wa karakana, kijana wa Kikenya wa upande wa Eldoret, jina lake Kiprono. Mlinzi kazi yake mlangoni, lakini huyu kila akipata nafasi yumo ndani, anashikilia hiki, anauliza kile. Mzee Alan akisema sentensi moja, Kiprono anatupa tatu. Nami rohoni nikasema, huyu mlinzi mbona anaipenda ndege ya watu hivi, anatafuta nini?

Historia yote ya ndege ile nimeipata mdomoni mwa Kiprono. Alitwambia kwamba ile ya kwanza kabisa kiwanda kiliiunda kwa kujitolea, serikali ilikuwa haijaiagiza. Wakaipeleka juu kuijaribu. Ikaanza kuzunguka inakuja chini, rubani akahangaika nayo, ikakataa kutoka kwenye mzunguko, akaruka na mwavuli akapona. Ndege ikawa takataka.

"Sasa hapo," Kiprono akasema, "hawakuanza na rubani. Walienda kwa ndege. Wakaangalia ni nini inaifanya izunguke. Ingine wakaitengeneza ndefu zaidi, bawa ya juu wakaivuta nyuma kidogo. Hiyo ndiyo ilienda vita."

Na vita vilipoanza, ilikuwa tayari inaonekana kizee mbele ya ndege za wenzake. Wanajeshi wenyewe waliibandika jina la mfuko wa sokoni, maana ilibeba chochote ulichoipa. Lakini kizee hicho kiliingia usiku kwenye bandari ya Wataliano kikazipiga meli za vita zikiwa zimetia nanga. Kikaigonga manowari kubwa ya Wajerumani kwenye usukani, ikabaki inazunguka haina pa kwenda mpaka meli za Waingereza zikaifikia na kuimaliza. Halafu ikaja siku ya msiba. Ndege chache zilitumwa mchana, kwenye bahari nyembamba kati ya Uingereza na Ufaransa, zikazuie meli za Wajerumani zilizokuwa zikilindwa na ndege za kasi. Haikurudi hata moja. Mzee Alan alipofika hapo alivua miwani akaifuta. Kiprono hakututafsiria papo hapo. Nilimwona machozi yanamlenga, kijana wa watu, anawalilia Wazungu waliokufa kabla hata mama yake hajazaliwa.

Baada ya hapo waliipunguzia kazi ya topido wakaipa kazi ya kuwinda nyambizi. Ilipanda kwenye manowari ndogo za kubebea ndege, ikasindikiza meli za mizigo kwenye bahari za baridi, ina roketi chini ya mabawa. Ndege mpya iliyoletwa kurithi nafasi yake ilistaafu mapema ikamwacha bibi kizee kazini mpaka vita vya Ulaya vinakwisha. Hapo sote tulifurahi, hata Athumani aliyekuwa mgumu wa kucheka.

Athumani ndiye aliyekuwa fundi rangi, mtu wa Morogoro, kazi yake safi na hasira zake karibu. Maana kitambaa nikishakishona kwenye mifupa kinabaki legelege. Kinapakwa dawa, maji mazito yenye harufu ya kupasua kichwa, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka likikauka linakivuta kitambaa, mpaka mwisho ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma, na juu kinang'aa. Bawa la kwanza lilitoka hivyo. Mzee Alan aliligonga, akatabasamu, akaenda zake kwao kufanyiwa upasuaji wa magoti. Karakana akamwachia Athumani.

Ramadhani ikaingia kwenye joto lile la Ghuba, mwezi wa nane kwenda wa tisa. Wewe hujalionea. Ukitoka nje alfajiri miwani inaingia ukungu, gari zinachuruzika maji kama zimeoshwa, na nguo inakuganda mgongoni. Mchana hewa inakauka lakini jua linakuwa moto mtupu. Sisi wafungaji tukabadilisha saa za kazi. Zamani Athumani alipaka dawa adhuhuri. Sasa nani mwenye saumu atakaa na harufu ile adhuhuri, koo limekauka? Alikuwa na wasiwasi kwamba huenda ile harufu inabatilisha saumu, akaenda kumuuliza imamu, akaambiwa haifunguzi ila asikae nayo bila sababu. Basi ikawa tunaswali alfajiri, Mzee Haji anatupeleka Umm Salal, Athumani anafungua mlango mkubwa upepo upite, anazima viyoyozi, anapaka tabaka lake haraka, na tunakimbia. Mimi naenda kushona chumba cha pili, yeye anaenda kulala nyumba ya wafanyakazi. Adhuhuri tunarudi kuangalia.

Anayebaki na ndege ni Kiprono. Yeye Mkristo, hakufunga. Mchana ule wote sisi tumelala au tumejificha, yeye yuko mlangoni na chupa yake ya chai ya maziwa, ya Kikenya, nyeupe.

Siku ya kwanza Athumani aliporudi adhuhuri, bawa la pili lilikuwa na madoa meupe. Meupe kabisa, mawingumawingu, kama mtu amemwagia maziwa halafu akayapangusa. Dawa haikung'aa. Athumani aligonga kwa kidole, ikalia pwata. Akageuka akatazama mlangoni, kwenye ile chupa ya chai.

"Kiprono, umeingia humu?"

"Niliingia kuangalia tu. Sikushika kitu."

"Kuangalia nini?"

"Ndege."

Jibu gani hilo, mwanangu? Mtu unaulizwa jambo zito unajibu "ndege"! Nami nilimshuku palepale.

Athumani akakwangua, akapaka upya kesho yake alfajiri. Adhuhuri, madoa. Akapaka tena. Madoa, na safari hii yamezidi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja akasema Kiprono anaegemea bawa akinywa chai. Mwingine akasema anaiuza dawa mjini na kujazia maji kwenye debe. Athumani alitia alama kwa kalamu kwenye debe kuona kama inapungua, haikupungua, akasema ndiyo ujanja wenyewe, anatoa na kujazia. Wakaenda kupekua kitanda chake. Wakakuta Biblia, picha ya mdogo wake wa kike aliyekuwa anasomea uuguzi kwa mshahara wa kaka yake, na soksi. Mimi nilikichukua kikombe chake nikakinusa. Kilinuka chai. Sasa kikombe ulitaka kinuke nini?

Na usifikiri tulimshuku yeye peke yake. Mimi nilimshuku na Athumani. Nilijiambia huenda kaharibu mwenyewe, sasa anatafuta wa kumtwika. Athumani naye alishaniuliza mara mbili kama mikono yangu ninapaka mafuta ya nazi kabla ya kushona. Karakana ilikuwa na watu wachache, na kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake mikononi. Tulikuwa tunafuturu sinia moja huku hakuna anayeanzisha mazungumzo.

Athumani akampigia simu Mzee Alan hospitalini, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, maana mtafsiri ndiye mshtakiwa. Alimwambia kuna mtu anachanganya kitu kwenye dawa. Mzee Alan angejibu nini? Alisema basi lindeni debe. Athumani akakata simu akatutangazia, "Mnaona? Hata mzee kasema debe lilindwe." Ikawa ushahidi.

Msimamizi wa shamba, tuliyemwita mudir, hakuwa na muda wa kesi. Tajiri alikuwa Makka kwa umra na familia yake, Mzee Haji ndiye aliyewaendesha (mimi siku hizo nilipanda gari la wafanyakazi kwa shingo upande), na mudir alitaka mambo yawe sawa kabla bwana hajarudi. Akasema khalas, basi imetosha, Mkenya aondoke, Ijumaa ikipita anapandishwa ndege. Naye asingeondoka kama mtu aliyemaliza mkataba. Angeondoka na neno la wizi nyuma yake, na mtu akirudishwa na neno hilo Ghuba haioni tena, na kwao atapokelewa kwa macho ya namna gani? Kiprono alisimama mbele yetu na kofia yake ya ulinzi mkononi.

"Mimi sijafanya hii kitu. Mnaniangalia tu hivyo. Kuna mtu hapa ananiamini?"

Tukatazama chini. Mimi pia.

Mzee Haji akarudi kutoka safari siku ya pili yake. Nilimsimulia yote ndani ya gari, tunatoka mjini, nami nilisimulia kwa raha, sikudanganyi, maana habari ya mwizi ina utamu wake. Alisikiliza mpaka tukaingia getini. Akazima gari, hakushuka.

"Mmemuuliza Kiprono."

"Ndiyo, mzee."

"Mkapekua kitanda chake. Mkanusa kikombe chake."

"Ndiyo."

"Na hiyo dawa mliiuliza nini?"

Hakungoja nijibu. Akashuka, akamwita Athumani, na pale kwenye kivuli cha ukuta alitusema, mwanangu, kwa sauti ya chini, ile ya mzazi ambaye hataki jirani asikie.

"Yakhe, nyie mna akili kweli? Kijana kakaa hapa mwezi mzima anawatafsiria, anawapa habari ya ndege hiyo hiyo. Mkasikia ile ya kwanza ilipoanguka wenyewe waliitazama ndege kwanza. Mkatikisa vichwa, mkasema ehee. Kumbe mlikuwa mwasikiliza hadithi tu! Mtu mnamtia wizini na saumu zenu mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyekaa kulitazama hilo bawa. Mwapaka, mwakimbia. Mwarudi, mwatafuta mtu. Astaghfirullah."

Athumani alitaka kujibu. Mzee Haji akainua mkono.

"Kiprono aondoke humu leo. Si kwenda kwao. Nampeleka mimi Al Wakrah kwa Wakenya wenzake, alale huko. Kesho alfajiri tutafungua debe jipya ambalo halijaguswa. Utapaka. Halafu hatuondoki, sote tutalitazama."

Kiprono alipanda gari bila kuuliza anapelekwa wapi. Alidhani ni uwanja wa ndege. Mzee Haji aliniambia baadaye kwamba walikuwa wameshafika karibu na Al Wakrah ndipo kijana akauliza, "Na pasipoti yangu, mzee?" Mzee alishindwa kuendesha, ikabidi asimame pembeni.

Na hiyo ndiyo asubuhi niliyoanza nayo. Debe jipya lilifunguliwa mbele ya macho yetu. Athumani alipaka. Mlango mkubwa wazi, viyoyozi vimezimwa, nje ukungu wa joto umetanda mpaka taa za getini hazionekani vizuri. Alipomaliza tulitoka kwa sababu ya harufu, tukasimama kwenye dirisha la chumba changu cha kushonea, tumejifunga vilemba puani. Dawa ilikuwa inang'aa. Athumani akasema, "Si mnaona? Leo hayupo, na dawa safi." Mimi nikamtazama Mzee Haji kwa kando. Macho yake hayakutoka kwenye bawa.

Halafu ikaanza. Upande wa mlango kwanza, ncha ya bawa ikafifia, kama kioo cha bafuni mtu anapooga. Ikaenea. Wingu moja, likafuata la pili, yakakutana. Hakuna mtu, hakuna chai, hakuna mkono. Athumani alibandika uso kwenye kioo akaanza kusema, "La, la, la," halafu akakaa chini sakafuni kwa matako, mtu mzima, akashika kichwa.

Bado shaka ina ubishi wake. Alipokaa pale chini akasema, "Huenda kaliachia uchawi." Mzee Haji alimtazama tu. Athumani akaona aibu.

Mzee Haji alimfuata Kiprono Al Wakrah asubuhi ileile. Alimkuta ameshafunga begi. Akamwomba ampigie Mzee Alan, aulize mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, tulichokiona. Kiprono alikaa nje ya karakana na simu, sisi tuko mbali kidogo tumepangana kama watoto waliovunja sahani. Aliongea, akasikiliza, akaongea tena. Aliporudi hakutazama uso wa mtu.

"Anasema ni hewa. Dawa ikikauka inapoa, na hewa ikiwa na maji mingi, ile maji inaingia ndani yake. Ndiyo hiyo nyeupe. Anasema mpake mchana, hewa ikiwa kavu, mfunge mlango, mwashe kiyoyozi. Hizo madoa zitaisha, hata si lazima mkwangue. Na anauliza nani aliwaambia mpake asubuhi."

Hakuna aliyetuambia. Saumu ndiyo iliyotusogeza kwenye saa zile, na kwa harufu tukafungua mlango tukaukaribisha unyevu wote wa bahari, tukaupa mgongo tukakimbia. Adhuhuri Athumani alipaka kwa saumu yake, jasho linamtoka, na madoa yakamezwa mbele yetu, bawa likang'aa. Aliligonga. Likalia. Hakuna aliyeshangilia.

Mudir alifuta safari ya Kiprono. Jioni Athumani mwenyewe alimwendea, akamshika mikono miwili, akamwomba msamaha na kumkaribisha futari. Naye alikuja, hakuwa mtu wa kiburi. Alikaa kwenye sinia, akala tambi, akala sambusa, tukamsukumia vipande vizuri vizuri kama bwana harusi. Tulikuwa na furaha kupita kiasi, ile ya watu wanaotaka jambo lisahaulike. Mimi nikampa na uji wangu. Alipomaliza akafuta mikono akasema, taratibu kabisa:

"Asanteni. Nimeomba mudir anipeleke nilinde geti ya mjini. Kesho naenda."

"Aa, ndugu yangu," Athumani akaruka, "tumeshakusafisha, mbona unaondoka?"

"Si nyinyi mlinisafisha. Ni hewa. Na kama hewa haingepatikana na makosa, nani hapa angenisafisha?"

Mwanangu, tulikuwa watu wazima tumezunguka sinia, na kila mmoja akajitia kukusanya makombo. Mzee Haji alikuwa na jibu, nadhani, lakini alitaka tulitafute sisi. Kiprono aliondoka kesho yake. Ndege ilimalizika, ikawekwa kwenye jumba la tajiri, wageni wakaikodolea macho. Siku ya kuizindua walitafuta mtu wa kuwaeleza wageni habari zake, na aliyezijua zote hakuwepo.

Sasa sikiliza. Sikukatazi kushuku. Dunia hii asiyeshuku anauziwa mbuzi ndani ya gunia. Lakini kitu kikiharibika mikononi mwako, anza na kitu chenyewe. Kikalie. Kitazame kikiharibika, usije ukatazama kimeshaharibika. Jiulize nini kimebadilika: saa, mahali, mlango uliofungua wewe mwenyewe. Ukibaki na shaka juu ya mtu, mwondoe kwa heshima siku moja, uone kama tatizo limeondoka naye. Na yule unayemshuku usimnyang'anye nafasi ya kuuliza, maana huenda swali sahihi analo yeye. Jina la mtu liwe la mwisho kukutoka mdomoni. Likishatoka, hata ukithibitisha kwamba umekosea, atakula sinia moja nawe huku anakuhesabu. Huyo unayemngojea siku yake, nenda kesho ukamwangalie kama mtu. Ukishindwa, nipigie mimi kabla hujampigia mkubwa wako wa kazi.

Haya, nipe hicho kichwa nikiombee. Mwenyezi Mungu akupe macho makali na ulimi mzito. Akukinge na ubaya wa watu, na watu awakinge na ubaya wako. Amina, mwanangu. Nenda salama.